Mpaka Mto Ufunguliwe

Kavimvira, mtaa ulio mpakani na Burundi, kwenye njia inayoteremka mtoni Ruzizi, kuna ubao uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha Sharifa, muuza kahawa. Wavuvi wasio na cha kuvua huketi hapo asubuhi wakabishana. Siku ile walikuwa watatu badala ya wanne. Alikuwepo Pitchou, waliyemwita Radio kwa sababu hazimiki. Alikuwepo Eugène, waliyemwita Ministre kwa ajili ya koti la suti asilolivua hata jua liwake vipi. Na alikuwepo Tariki, Prezida wao, kwa kuwa ndiye waliyemchagua kuongoza komite ya wavuvi. Wa nne, Ciza, hakuja, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jana yake Tariki alimkuta mdomoni mwa mto, ndani ya matete, mahali komite ilipokataza kuvua ili samaki wadogo wakue. Ciza alikuwa akikokota chandarua kilichojaa vitoto vya samaki. Sheria ilikuwa kuchoma. Tariki akakichoma mbele ya macho yake, yeye na Ciza waliovua katika mtumbwi mmoja tangu ujana wao.

Radio ndiye aliyeanza.

— Minye nawaambia, samaki ya Ruzizi ilishahama. Iko Burundi. Kule hakuna masasi.

— Weye Radio! Samaki inajua mpaka? aliuliza Ministre.

— Inasikia kishindo. Bunduki ikilia huku, mayai inaharibikia mu tumbo.

— Hapana. Shida ni baraje ya umeme, ile ya kule juu. Maji ikishapita mu mashine, inatoka imechoka. Haina tena vitamini. Samaki inakunywa maji ya bure.

Sharifa alicheka kidogo huku akimimina kahawa. Tariki hakucheka. Usiku kucha alikuwa akinawa mikono, na bado vidole vilinuka nailoni iliyoungua.

— Na viboko? Radio alisema. Viboko ndiyo inamaliza samaki.

— Kiboko hakulaki samaki, weye!

— Zamani hakukulaka. Sasa naye iko na njaa kama siye.

— Prezida, Ministre aligeuka, weye unasema nini?

Tariki aliweka kikombe chini.

— Samaki iko kidogo sababu tulikamata watoto yake yote. Ni siye.

Maneno hayo yaliukata ubishi.

Ndipo Generose akatokea, akipanda kutoka upande wa soko. Alikuwa mke wa Ciza, na pale mtaani walimwita Mama Chance kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sharifa akasogeza kigoda, lakini mwanamke hakuketi.

— Jambo yenu, babaa.

— Jambo, Mama Chance, Radio aliitikia. Ciza iko wapi?

— Alishaenda. Alfajiri. Alisema anaenda Misisi, mu machimbo ya zahabu.

— Na ile kifua inamuumaka?

— Na ile kifua.

Ministre alitazama chini. Mwanamke alikuwa amemgeukia Tariki.

— Baba Tariki, sikuje kugombana. Sheria ni ya bote, na minye niliinua mukono siku ile tuliipitisha. Nakuuliza tu. Mto mutafungua lini?

Agronome wa proje, mtaalamu wa mradi aliyewaletea wazo la kufunga mdomo wa mto, aliwaahidi kwamba atarudi mwenyewe kuwapima samaki, kisha awaambie siku. Halafu vita vikakata barabara, na simu yake haikupatikana tena. Tangu hapo, kila aliyeuliza Tariki alimjibu kwamba ni karibu. Asubuhi ile alimtazama mwanamke huyu, mashavu yaliyomwingia ndani, na lile neno likakataa kutoka.

— Sijui, mama.

— Haujui?

— Sijui. Hakuna muntu anajua.

Akawatazama wote, mmoja mmoja. Radio akakuna goti. Ministre akavuta koti lake kama mtu aliyeshikwa na baridi.

— Aksanti, Generose alisema. Leo angalau ulinisemea kweli.

Akafungua kitenge cha juu kiunoni, akakikung'uta, akakitupa begani. Kilikuwa kipana, cha kutosha watu wawili kushika ncha na kukokota. Akampungia mkono wifi yake Jolie, aliyekuwa akimngoja ng'ambo ya njia na beseni tupu. Wakashuka pamoja. Hawakushika njia ya nyumbani. Walishika ile ya matete.

— Prezida, Ministre alinong'ona, unaona kwenye wanaenda?

— Naona.

— Basi simama. Ni kazi yako.

— Najua ni kazi yangu.

Aliwatazama kule chini wale wanawake wakivua viatu, wakiingia majini taratibu, wakikinyoosha kitenge kati yao, mpaka matete yakawafunika. Tariki hakusimama.