Chumvi Pembeni mwa Lambo

Lori la ushirika lilipanda kilima cha Natta polepole mno. Abiria mmoja alishuka, akachoma mahindi mawili, akayala, akalidandia tena. Juu ya marobota ya pamba, Mwalimu Selestine alikuwa amepakata ubao wa sataranji na kuukunjia uso. Kesho yake, Musoma, angecheza na bwana aliyekwisha kumfunga mara tatu kwa ufunguzi uleule.

"Huo ubao umekukosea nini, mwanangu?" akauliza jirani yake, mama mfugaji aitwaye Wegesa.

"Acha tu, mama. Huyo bwana akianza, ananiachia askari wake pembeni, bure kabisa. Namla, nashikilia faida yangu kwa nguvu zote, kisha nafungwa."

"Na askari wako aliyekwenda kumla, alitoka wapi?"

"Hapa katikati."

Wegesa akacheka mpaka robota likatikisika. "Fahali wa jirani akituzibia lambo, tunamwaga chumvi pembeni. Anaifuata, ng'ombe wetu wanakunywa. Kumbe na walimu wanalamba!"

Selestine akatazama katikati ya ubao kana kwamba pamechimbwa leo. "Basi kesho nisile?"

"Kula! Chumvi ya bure inaachwa? Ila ulambe mara moja, urudi majini haraka."

"Na askari wangu huyu aliyebaki pembeni nimwache aliwe?"

"Aliwe."

"Haiwezekani, mama! Nimeshapata, nirudishe?"

Walibishana hadi lori liliposimama Bunda. Wegesa akashuka akitikisa kichwa. Selestine alikuwa bado anakataa kwa sauti, lakini kidole chake kilikuwa kinamsukuma askari mwingine katikati.