Barua ya Kumwondoa Mwalimu Anaclet

Benchi ile haipo tena. Waliiondoa walipopanua barabara ya Kadutu, na pale ilipokuwa sasa pana mtaro wa maji. Lakini mwaka 1957, nilipokuwa nimeacha masomo ili kumsaidia mama kuuza kahawa, hakuna Jumapili, siku ya Mungu, ambayo ilikosa watu. Ilikuwa ubao mrefu juu ya mawe mawili, mbele ya chumba cha mshona viatu. Mwenye chumba alikuwa Papa Isidore, mzee tuliyemwita Misumari kwa sababu alizungumza huku ameshika misumari kwa midomo. Wa pili alikuwa Lucien, karani wa nyumba moja ya biashara, aliyetembea na karatasi nyeusi ya kunakilia mfukoni hata siku ya misa. Yeye aliitwa Karboni. Wa tatu alikuwa Cirhuza, dereva wa kamyo, lori la mizigo la kwenda Kamituga, aliyepima kila kitu kwa barabara, na jina lake lilikuwa Kilomita. Wageni walidhani ni maadui, jinsi walivyopigiana kelele. Mama alisema ni njaa ya kusikilizwa tu.

Jumapili ninayotaka kueleza, Karboni alikuja na karatasi nyeupe na uso wa mtu aliyetumwa. Jana yake timu ya basiketi ya koleji ya Mapadri ilikuwa imefungwa tena, mara ya sita mfululizo. Padri Prefe, mkuu wa masomo, alikuwa amechoka. Alisema kuna Frère, bruda kijana aliyefika kutoka Ulaya, mrefu, ambaye anaweza kuichukua timu. Lakini hakutaka kumwondoa Mwalimu Anaclet, aliyeifundisha timu tangu zamani, kwa neno lake peke yake. Alitaka barua kutoka kwa wachezaji wa zamani, wale walioshinda kule Usumbura mwaka 1951. Ikimfikia kabla ya kengele ya sala ya jioni, Jumatatu Mwalimu angepelekwa kufundisha shule ya porini huko Shabunda, na nyumba yake ya misioni angepewa mwingine. Isipofika, mambo yangebaki yalivyo mwaka mzima. Na wachezaji wa 1951 waliobaki mjini walikuwa wawili: Karboni na Kilomita.

Kilomita: Tisa! Tisa kwa makumi ine na moya! Mimi nikitoka Kamituga na tairi mbili zimepasuka, ninafika na pointi mingi kupita ile!

Misumari: Batoto balikuwa nachunga nguvu. Haraka haraka haina baraka.

Karboni: Papa Isidore, ile methali ni ya bibi-arusi. Kwa basiketi, haraka njo baraka yenyewe.

Misumari: Basi samaki mukunje angali mubichi.

Karboni: Nani anazungumuza samaki hapa?

Misumari: Mimi. Iko siku ya Mungu, nina ruhusa.

Mama aliwamiminia kahawa. Kilomita alikunywa nusu kikombe kwa mara moja, akaangalia upande wa kilima, kule juu ambako koleji ilionekana na bati zake nyekundu.

Kilomita: Sisi ile mwaka, batu balitulilia.

Karboni: Usianze.

Kilomita: Ninaanza. Tulirudi toka Usumbura juu ya kamyo ya manyoka, ile ya mihogo mikavu, tuko beupe kama bazungu juu ya unga. Bamama ba Kadutu balitandika bikwembe bya kiuno kwa njia. Na Muwalimu amesimama juu ya kabini, anapiga filimbi mpaka sauti ya filimbi inaisha.

Karboni: Filimbi haina kuisha sauti.

Kilomita: Yake iliisha. Aliipiga tangu Kamanyola.

Karboni alicheka, na alipocheka alionekana kijana tena. Alisema Mwalimu alikuwa akiwapikia viazi vitamu juu ya mafiga matatu kando ya uwanja, na aliyekuja amechelewa alipewa maganda. Kilomita alisema si maganda, ni kile kiazi kilichoungua. Walibishana juu ya kiazi kile kwa muda kama wa rozari nzima. Halafu wakabishana ni nani aliyefunga kikapu cha mwisho kule Usumbura. Kila mmoja alisema ni yeye, na kila mmoja aliapa kwa jina la mama yake.

Mama: Sasa kama mulipenda yeye hivi, ile karatasi ni ya nini?

Karboni aliilaza karatasi juu ya goti.

Karboni: Maman Adolphine, kupenda ni kupenda, na kufungwa ni kufungwa. Batoto bale banapeana mupira, banapeana, banapeana kama sahani ya matanga. Hakuna mwenye anatupa! Mutegemea cha ndugu hufa masikini.

Misumari: Mimi minajua sababu. Ni maharagi. Pale koleji banakula maharagi asubuhi na mangaribi. Mutu wa maharagi hawezi kuruka.

Kilomita: Na wewe ulikula nini jana?

Misumari: Maharagi. Uliniona narukaruka?

Kilomita: Haiko maharagi. Ni mupira. Umeushonea viraka tisa, Papa, ule mupira unafanana na kiatu cha polisi. Ukipiga chini, unafikiri kwanza mbele ya kuruka.

Misumari alitema misumari yote mkononi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imeguswa.

Misumari: Mupira yangu iko muzuri! Tazameni ile miti ya vikapu. Balikata wapi? Balikata nyuma ya makaburi ya misioni! Bafu ba mule makaburini banashika mupira kwa hewa. Mimi niliona jana, mupira ulisimama juu ya chuma, ukazunguka, ukatoka. Nani aliutosha?

Karboni: Bafu ba misioni ni Bakristu. Bangesaidia batoto ba misioni.

Misumari: Bengine balikufa na deni ya sakramenti.

Kilomita: Haiko bafu. Sikilizeni mutu wa njia. Bazungu bamepima ziwa yetu, bamesema chini ya maji iko pumzi. Pumzi mingi! Saa kumi ile pumzi inapanda kilima, inafika kwa uwanja, inasukuma mupira pembeni.

Mama: Na jana bageni haikubasukuma?

Kilomita: Bale ni bageni, Maman. Pumzi haiyabajua.

Mama alicheka mpaka akaweka birika chini. Lakini Karboni hakucheka. Jua lilikuwa limeshavuka bati la duka la jirani, na alikuwa na barua ya kumaliza. Aliandika akiwa ameweka karatasi juu ya ubao wa Misumari, kwa Kifaransa, akitusomea kila mstari kwa Kiswahili. Kwamba sisi wachezaji wa zamani tunamheshimu Mwalimu Anaclet. Kwamba amezeeka. Kwamba hajui mchezo wa siku hizi. Kwamba anawafundisha watoto uoga. Kwamba tunaomba Frère achukue mahali pake.

Kilomita: Tosha lile neno «amezeeka».

Karboni: Juu ya nini? Iko na mvi.

Kilomita: Na baba yako iko na mvi. Uliandikia Padri?

Karboni alikata neno lile. Halafu akasoma barua yote tena kimoyomoyo, akakuna kichwa. Alisema Kifaransa chake ni cha dukani, cha magunia na misumari, na Padri Prefe alijulikana kwa kurudisha barua zenye makosa bila kuzisoma.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya Kadutu wakati ule. Hakuna barua iliyopanda kwa Wazungu bila kupitia mikono ya Mwalimu Anaclet. Mtu akiomba nyumba, akiomba kazi, akilalamika juu ya kodi, aliandika alivyoweza, halafu jioni akaenda kwenye baraza ya Mwalimu. Yeye alisoma, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha. Hakudai kitu. Wengine waliacha yai. Hata barua ya mama ya kuomba nafasi ya kuuza kahawa pale ilipita kwake.

Basi Karboni alikunja karatasi vizuri, akasimama, akapangusa suruali.

Karboni: Ninakimbia kwa Muwalimu aitazame kwanza, kisha niipandishe kwa Padri.

Kilomita: Fanya mbio, atatoka kwenda kwa uwanja.

Misumari: Umusalimie.

Karboni alikuwa ameshapiga hatua nne. Mama ndiye aliyemwita kwa sauti ndogo: Lucien, baba, unamupelekea nani? Aligeuka. Nikaona uso wake ukielewa polepole. Kilomita alijifunika macho kwa kofia. Hakuna aliyeweza kucheka.

Na kabla hajarudi kukaa, Mwalimu Anaclet mwenyewe alitokea akishuka kutoka misioni, na koti lake la Jumapili. Kwa kawaida hakukaa kwenye benchi yetu. Alisalimia tu na kupita. Siku hiyo aliona karatasi mkononi mwa Karboni, akanyoosha mkono.

— Inakwenda kwa nani?

— Kwa Padri Prefe, Muwalimu.

— Leo? Lete basi, muda ni mfupi.

Mpaka leo sijui kwa nini Karboni aliitoa. Nadhani mkono wake ulitii wenyewe, kama darasani. Mwalimu alikaa kati ya Misumari na Kilomita, akatoa kalamu nyekundu, akasoma. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, nikasahau kukiosha. Alipofika mstari wa tatu kalamu ilisimama. Halafu ikaendelea. Alisahihisha herufi hapa, neno pale, mpaka chini.

— Kifaransa chako kimeendelea, Lucien, alisema. Lakini hapa umeandika kwamba sijui mchezo. Hilo ni jambo ambalo Padri hawezi kulipima. Mweleze kosa lenyewe.

Mwalimu alielekeza kalamu kule juu, upande wa koleji.

— Kosa lenyewe ni hili. Uwanja wetu umelala kwenye mteremko. Mnakumbuka Cirhuza alitupa mpira kutoka mbali, ukashuka bondeni, tukautafuta siku tatu?

— Ine, Muwalimu, alisema Kilomita kwa sauti ndogo.

— Siku nne. Tulikuwa na mpira mmoja tu. Kwa hiyo niliweka sheria: asitupe mtu mpaka yuko chini ya kikapu. Anayetupa kutoka mbali na kukosa, anashuka mwenyewe kuutafuta. Wakati wenu haikudhuru, kwa sababu timu zote zilicheza kwenye miteremko kama sisi. Sasa wenzetu wana viwanja vya simenti, vilivyo sawa. Wanatupa kutoka mbali kama wanarusha mbegu. Na watoto wangu, hata wakifika kwenye simenti, bado wanaliogopa bonde. Nimeliona jambo hili jana tu, nikiwa nimekaa pale nahesabu. Mara sita nzima tumefungwa, nami nimeliona jana.

Aliandika mistari miwili ya nyongeza kwa mkono wake, akatusomea: kwamba kosa la sheria ile ni lake, wala si la watoto. Halafu aliweka barua juu ya benchi, na kalamu juu yake.

— Sasa iko sawa. Barua bila sahihi ni karatasi tu. Nani anatangulia?

Karboni alimwangalia Kilomita. Kilomita aliangalia kahawa yake. Mwalimu alingoja, bila hasira, kama mtu aliyezoea kungoja jibu la hesabu. Mama alimpa kikombe. Alikunywa taratibu, na sote tulisikia akimeza. Halafu kengele ya sala ya jioni ikapigwa kule juu, na barua ilikuwa bado pale, bila jina hata moja.

Mwalimu aliichukua, akaikunja, akaiweka ndani ya koti lake.

— Basi, alisema. Kuanzia kesho nataka watoto watupe kutoka mbali. Sheria ile imekwisha. Lakini wataendelea kuogopa bonde mpaka waone kuna watu wamesimama kule chini kuudaka mpira. Saa kumi.

Alisimama, akafunga vifungo vya koti. Hakumwangalia mtu usoni. Aliangalia mbele, juu ya vichwa, kama anayesoma majina kwenye daftari la darasa.

— Cirhuza.

— Présent, alisema Kilomita, na kofia ikamtoka kichwani.

— Lucien.

Sote tulijua kwamba kazi ya Karboni huisha saa kumi na moja, na bwana wake hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa.

— Présent, alisema.