Shangazi wa Wodini na Ruhusa Aliyonyimwa

Ijumaa hii, tarehe 30, Shangazi, kama tunavyomwita wote, anavua koti lake la kijani baada ya miaka ishirini na tisa ya kuuguza wanyama katika kliniki yetu. Alikuwa amebakiza miaka miwili afikie kustaafu. Ameomba mwenyewe kuondoka, na sisi wa wodini tunajua kwa nini.

Alianza kwa kufagia vizimba, akasoma uuguzi wa wanyama jioni, akapanda hadi usimamizi wa wodi. Kucheka tumecheka naye sana. Kuna kasuku aliyelazwa kwetu akaiga sauti yake, akawa anaita, "Mwingine aingie!" na wateja wanaingia na mbwa wao katikati ya upasuaji.

Kwa paka dume walioziba njia ya mkojo, hakuwa na mpinzani. Daktari akishapitisha mrija na njia ikafunguka, Shangazi ndiye aliyewaeleza wenye paka ya kufanya nyumbani: chakula laini, maji kila kona, dawa kwa wakati. "Na msimwache peke yake siku za mwanzo. Akichuchumaa kwenye mchanga wake wa choo na hakitoki kitu, mleteni mbio."

Mwezi wa tatu akaziba paka wake mwenyewe, yule wa kijivu aliyeachiwa na marehemu mama yake. Daktari akamtibu, akamruhusu. Shangazi anaishi peke yake, hivyo akaenda ofisini kuomba siku mbili za kumwangalia.

Meneja alicheka. "Likizo ya kuuguza paka? Kesho utaomba ya kuku."

Akaomba basi amlaze wodini. Akaambiwa vizimba ni vya wateja.

Jirani yake, mama mmoja mwema, akajitolea kumchungulia. Jioni alimpokea Shangazi mlangoni kwa furaha: "Mgonjwa wako hajambo, shoga! Kutwa nzima yuko mchangani anajisaidia."

Shangazi alimpita mbio hadi ndani. Akapapasa mchanga, mkavu. Paka alikuwa chini ya kitanda, tumbo gumu kama jiwe. Alimfia mikononi njiani kuja kwetu. Yule mama hajui hadi leo alichokuwa akikitazama. Shangazi ametukataza kumwambia.

Kesho yake alikuja kazini kama kawaida. Mteja wa kwanza alikuwa na paka dume aliyetoka kuzibuliwa. Tulimsikia akieleza yale yale, hadi kwenye "msimwache peke yake" sauti ikakatika. Akamalizia. Mchana akaenda ofisini kuomba kustaafu, na safari hii alikubaliwa papo hapo.

Uongozi umeagiza keki. Sisi tuna shukrani tu: kwa wanyama waliorudi makwao wazima, na kwa kutufundisha kazi bila kutudhalilisha. Shangazi, tunakuombea afya, usingizi mzuri, na nyumba isiyo kimya. Sisi wa wodini utukumbuke kwa wema. Wale wa ofisini, usiwasamehe haraka.