Mama Soma Kwanza Anafunga Daftari

Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Tarehe thelathini mwezi huu, mwandishi wa vikao vya bodi, dada yetu tunayemwita Mama Soma Kwanza, anastaafu hapa shirika la maji. Wenye shahada zao waliombwa waandike habari zake, wakasema wana kazi nyingi. Mimi dereva sikusoma sana, ila nimeendesha wenyeviti tisa wa bodi na gari sijalikwaruza hata siku moja. Kwa hiyo naandika mimi.

Wenyeviti hao walikuja na serikali, wakaondoka nayo. Wengine walijua mambo ya maji, wengine walijua kuoga tu. Dada aliwapokea wote sawasawa, na sheria yake ilikuwa moja: kikao kikiisha hainuki mtu wala haimiminwi chai mpaka yeye asome kwa sauti kila alichoandika. Waheshimiwa walinuna. Alisoma.

Mwenyekiti wa sita aliteuliwa wiki moja tu baada ya kushindwa ubunge. Huyo alitaka maabara yetu ya kupima maji ifungwe, kazi apewe rafiki yake wa kampeni. Kikaoni hakulitaja. Kesho yake akamwita dada ofisini, aongeze mstari kwenye kumbukumbu za kikao kwamba bodi imekubali. Dada akamjibu, "Mheshimiwa, hilo halikusemwa. Ukilisema mbele ya wenzako, nitaliandika."

Hakulisema. Maabara ipo mpaka leo, na maji unayokunywa yanapimwa pale. Ila dada alihamishiwa stoo, miaka miwili akipanga mabomba na viungio. Angeomba radhi angerudishwa. Hakuomba. Alirudishwa na mwenyekiti wa saba, aliyechoka kubishana na wajumbe nani alisema nini.

Karatasi hii nayo, kabla sijaipeleka kwa mhariri wa jarida, ilibidi nimsomee. Sheria ni sheria. Akakata mstari mmoja, pale nilipoandika kwamba siku ile nilikuwepo ofisini nikamtetea. Nilibisha, maana mimi sishindwi kirahisi. Lakini kweli nilikuwa garini. Maneno yake niliyasikia kwa mwenyekiti mwenyewe, akinung'unika kiti cha nyuma, nami nikashika usukani nikanyamaza.

Basi na hilo nimeliandika.

Ahsante, dada. Tunakuombea umri mrefu wenye afya, na chai uinywe ingali moto.