Karani wa Ofisi Isiyo na Watu

Basi lilikuwa nusu tupu, na masikio yangu hayana adabu. Mbele yangu mama mshonaji alimwambia mzee mwenye sare ya mlinzi, "Baba, jana karani wa ile ofisi ya kuwalipia maskini bili za umeme kanipigia. Kasema nisihofu."

Mzee akamgeukia taratibu. "Mwanangu, ofisi hiyo nailinda mimi. Fedha za msaada zipo, zilizokatwa ni za mishahara ya wagawaji. Haina mtu, na umeme wake wenyewe umekatwa." Kinyozi hajinyoi, nikacheka kimoyomoyo.

"Mbona karani nimemsikia, ana kikohozi kidogo. Kaniambia niwashe taa, asikie swichi."

Mzee akavua kofia ya sare. "Ndivyo alivyomfanyia kila mteja. Lakini huyo tulimzika kabla ya mvua." Kicheko changu kikatafuta pa kujificha.

Simu ya mama ikalia. "Usipokee," mzee akanong'ona.

"Kesho wananikatia, baba, na mwanangu anapumua kwa mashine. Walio hai hawajanipigia." Akaiweka sikioni. "Abee, dada."

Basi likasimama, akashuka akiongea. Nami nikashuka nyuma yake. Kituo changu kilikuwa bado mbali, ila bili yangu ilikuwa mfukoni.