Kipande cha Sumie

Kwenye basi la kwenda Matsumoto, Japani, nyuma yangu walikaa wanawake wawili wa kikundi cha kushona blanketi za viraka. Kila mwanachama alikuwa ameshona kipande chake, kidogo kama kiganja, juu ya karatasi yenye mistari ya kufuatisha, ili vyote viungwe kuwa blanketi moja.

"Fumiyo, mbona kipande changu hukukiunga?"

"Pembe zilipishana, shoga. Tunaenda kwenye maonyesho, siyo gulioni."

"Kitambaa kile kilikuwa yukata, kimono ya kiangazi, ya marehemu binti yangu, Fumiyo. Ulijua."

"Nilijua mimi. Majaji je?"

Nilijifanya nasoma matangazo, kama abiria wenzangu wote.

"Basi nirudishie, Fumiyo."

"Nilikitumia kujaribia cherehani, Sumie. Nikakitupa."

Basi likasimama. Sumie akashuka bila kuaga. Fumiyo akauweka mkoba wake kwenye kiti kilichobaki wazi.