Sista Kaa Kidogo, Aliyerudi Darasani kwa Kuchoka

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wagonjwa wanamwita Sista Kaa Kidogo, kwa sababu mtu akishapimwa na kusimama aende zake, humwambia akae kidogo, kisha humuuliza lile swali ambalo mgonjwa amekuwa akilikwepa tangu alipoingia. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila ieleweke kwamba nimetoka zamu sasa hivi na miguu inawaka moto.

Alianzia chumba cha chanjo, akahamia wodi ya wazazi, kisha akatua idara ya wagonjwa wa nje, na huko ndiko alikozeekea. Mwaka mmoja alichaguliwa mfanyakazi bora, akakosekana ukumbini. Tulimkuta amelala kwenye kitanda cha kupimia, viatu mguuni, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Cheti kilipokelewa na mlinzi, ambaye alipiga nacho picha na kuituma kwao.

Wengi wanadhani alirudi shule kusomea uuguzi wa ngazi ya juu katika huduma za afya ya msingi kwa kutaka cheo. Wengine walisema ni mshahara, jambo lililowachekesha sana yeye na mumewe, shemeji yetu. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka.

Wakati ule daktari alifika kituoni Alhamisi tu. Sisi wauguzi tulipima presha, joto na uzito, tukafunga vidonda, na aliyehitaji kuchunguzwa na kuandikiwa dawa tukamwambia arudi Alhamisi. Tulizoea hivyo, na wagonjwa nao wakazoea. Mtu alianza kuumwa Ijumaa akavumilia karibu wiki nzima, kana kwamba maradhi yana ratiba. Waliozidiwa kabisa tuliwapeleka hospitali kuu, lakini kazi ilikuwa kujua nani amezidiwa na nani hajazidiwa.

Fundi viatu aliyekaa nje ya geti letu alikuja Jumatatu moja, kichwa kinamuuma na presha iko juu. Sista hakuwa na ruhusa ya kumwandikia dawa. Zaidi ya hapo, kama asemavyo mwenyewe, hakuwa na elimu ya kutosha kutambua kwamba huyu si wa kusubiri. Akamwambia Alhamisi. Alhamisi ilipofika, fundi aliletwa amebebwa na mkewe na jirani, amepigwa na kiharusi. Alipata nafuu, lakini mkono wa kulia haukushika sindano tena. Tangu hapo mkewe ndiye aliyekaa getini akishona soli, mumewe akimwelekeza kwa maneno, na kila asubuhi Sista alipita mbele yao kuingia kazini. Hakuna aliyemlaumu, na bado ilimuuma.

Basi akaomba chuo, katika umri ambao wenzake walikuwa wakipanga kujenga mabanda ya kuku. Mama mkwe wake alimuuliza anasomea nini tena na macho yenyewe yanadai miwani. Shemeji alijifunza kupika, na watoto wanausimulia hadi leo wali wake, chini umeungua na juu mbichi. Darasani wenzake walimwita mama, na mmoja wa walimu alikuwa mdogo kuliko kifungua mimba wake. Mtihani wa kwanza wa dawa alifeli. Siku hiyo alijifungia stoo ya hapa kituoni, katikati ya mabunda ya pamba, akalia, akanawa uso, akarudi kwenye foleni ya wagonjwa.

Alipohitimu, sasa akiwa na ruhusa ya kuchunguza na kuandika dawa, alipewa chumba chenye dirisha lisilofunguka na kitanda kinachoyumba. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa fundi viatu. Alikaa, akatazama huku na huku, akamuuliza kama ana hakika leo si Alhamisi. Walicheka mpaka sisi tulio nje tukagonga mlango. Toka siku hiyo mtu akifika anachunguzwa, anaandikiwa dawa na kufuatiliwa, na wa kwenda hospitali kuu anaondoka siku hiyohiyo. Wagonjwa wa presha na kisukari, ambao zamani walitupotea, Sista anawajua kwa sura na kwa visingizio vyao.

Sasa anaondoka, na chumba chake hakina mtu. Kwa muda mrefu ametubembeleza mmoja mmoja twende chuo. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mimi ninayefunga vidonda chumba cha jirani nilimwambia nina watoto, siku nyingine nikamwambia nina mgongo, mwishowe nikamwambia waziwazi kwamba nimechoka. Alinitazama, akaenda kumwita mgonjwa mwingine.

Tangu alipoanza likizo yake ya mwisho, tumerudia kuwaambia watu waje Alhamisi. Juzi nilimwambia hivyo mzee mmoja mwenye kikohozi kisichokoma. Aliniitikia vizuri, akanishukuru, akaondoka polepole akishika ukuta. Ile shukrani ilinichosha kuliko zamu nzima. Nilitoka nikamkimbilia, nikampandisha gari la kwenda hospitali kuu, kisha nikakaa kwenye ngazi nisijue nifanye nini na mikono yangu.

Dada, asante kwa kila mtu uliyemkalisha. Kituo kizima kinakuombea afya, wajukuu wasumbufu kiasi, na usingizi usiokatizwa na mtu. Nami nikuambie hapa, kwa sababu uso kwa uso nitalia: jana nimepeleka maombi chuoni. Usinisifu, sijapata ujasiri wowote. Nimechoka tu, na safari hii nimechoka kama ulivyochoka wewe. Mume wangu naye ndiyo kwanza anazipata habari hizi, kwa kuzisoma hapa, kwa hiyo naomba unikalie karibu.